Kuwarejesha Nyungunyungu Kwenye Udongo wa Bustani: Mwongozo Kamili kwa Moshi na Maeneo Yanayofanana Nayo

Mtu anayeshuka kutoka kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) cha Kibosho au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hadi kwenye kiwanja kipya kilichopimwa tambarare, chini ya mji wa Moshi, huiona tofauti ya udongo kabla hajashika jembe. Kule juu ardhi imefunikwa na majani ya migomba mwaka mzima, na ukiyapekua kidogo wakati wa masika hukosi kukuta nyungunyungu. Huku chini katapila limekwangua tabaka la juu, msingi wa nyumba umemwagiwa dawa ya mchwa, kifusi kimesawazishwa, na jua la Januari limeoka kilichobaki. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye kiwanja cha namna hiyo, na pia kwa mwenye bustani ya zamani ambayo imelimwa na kupuliziwa dawa hadi ikachoka.

Msimamo wangu ni kwamba nyungunyungu hanunuliwi akatiwa ardhini kama mche. Hufuata chakula, unyevu na utulivu, na vikikosekana hivyo, hata ukimwaga ndoo nzima watakufa au watahama. Kwa hiyo mpangilio wa hatua una maana: kwanza kuondoa kilichowafukuza, kisha kufunika na kulisha, na kuwaleta kutoka kwingine kuwe jambo la mwisho, tena pale tu panapolazimu.

Mjue unayemtaka

Wataalamu huwagawa nyungunyungu katika makundi matatu kwa jinsi wanavyoishi. Wapo wanaokaa juu kabisa, ndani ya majani yanayooza na samadi. Wapo wanaoishi ndani ya udongo wenyewe, wakiumeza na kupita humo kwa mashimo ya ulalo. Na wapo wanaochimba mashimo ya wima na kuja juu usiku kuvuta majani. Wale wekundu wanaouzwa kwa ajili ya kutengeneza mboji ni wa kundi la kwanza. Wanafanya kazi nzuri ndani ya pipa la mabaki ya jikoni, lakini udongo mtupu wa bustani si makazi yao, na anayekuuzia kwa ahadi kwamba watakulimia shamba anakuuzia kisichowezekana. Mboji yao itumie. Wao wenyewe waache ndani ya pipa.

Unaowahitaji zaidi ni wa kundi la pili na la tatu. Hawana mapafu, hewa huingia kupitia ngozi, na ngozi hiyo haina budi kuwa na unyevu muda wote. Ndiyo sababu jua kali huwaua haraka, na ndiyo sababu wakati wa kiangazi wengi hushuka chini au hujikunja fundo ndani ya kijishimo walichokipaka ute, wakasubiri mvua. Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, ila aina nyingi hazizai bila ya wawili kukutana, na mayai hutagwa ndani ya vifuko vidogo vya rangi ya manjano au kahawia. Kutoka kifukoni hadi kuwa mzazi huchukua miezi. Hesabu zako, basi, zifanye kwa misimu na si kwa wiki. Tena, ile imani kwamba ukimkata nyungunyungu kwa jembe unapata wawili si kweli: kipande cha kichwa huenda kikapona, cha mkia hakiwi mnyama mpya.

Hatua ya kwanza: hesabu kabla ya kugusa chochote

Pima wakati wa masika, wiki mbili au tatu baada ya mvua kukolea, asubuhi kabla udongo haujapata joto. Ukihesabu mwezi wa pili utasema hakuna, kumbe wamelala chini. Chimba shimo la mraba lenye sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 30, mwaga udongo wote juu ya gunia, na uupukuchue kwa mikono bonge moja baada ya jingine. Fanya hivyo mahali patatu: katikati ya bustani, karibu na ukuta wa nyumba, na pembezoni ambako hapajawahi kulimwa. Andika idadi ya kila mahali kwenye daftari, kisha uwarudishe udongoni na kuwafunika.

Waliozama chini ya shimo unaweza kuwatoa kwa haradali. Koroga gramu 40 za unga wa haradali katika lita nne za maji, mimina polepole kwenye sakafu ya shimo, na usubiri dakika kumi. Ukali wake huwasha ngozi zao nao hupanda juu bila kudhurika sana, mradi uwasuuze mara moja kwa maji safi.

Kanuni inayotumiwa na wakulima wengi ni kwamba kumi au zaidi katika shimo la ukubwa huo ni dalili ya udongo ulio hai. Kwa tambarare zenye joto mimi nisingeng'ang'ania namba hiyo. Kilicho na maana zaidi ni kulinganisha mashimo yako matatu. Ukikuta nyungunyungu pembezoni na usiwakute katikati, basi mbegu ipo na kosa liko katika matunzo ya tuta. Hutahitaji kuleta hata mmoja. Ukiwakosa karibu na ukuta peke yake, shuku dawa ya mchwa. Ukiwakosa kote, hapo ndipo itabidi ufike hadi hatua ya mwisho.

Msomaji wa Usambara au wa milima ya Taita, ng'ambo ya mpaka, anaweza kukuta ndani ya shimo mnyama anayeng'aa, mwenye mikunjo kama nyungunyungu lakini mnene zaidi na mwenye taya. Huyo ni amfibia asiye na miguu, wa ukoo wa vyura, na wala si nyoka. Ni kweli hula nyungunyungu na mchwa, lakini kuwepo kwake ni ushahidi kwamba chakula chake kipo. Mwache aende zake. Aina ya Taita ni ya ajabu kiasi kwamba mama hulisha watoto wake kwa ngozi ya mwili wake mwenyewe.

Hatua ya pili: acha kuwaua

Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayorukwa na watu wengi. Chembechembe za kabofurani, ambazo kwa miaka mingi zilitumiwa dhidi ya funza wa mabua ya mahindi na minyoo ya mizizi, ni sumu kali kwa nyungunyungu. Kabarili, dawa nyingine ya wadudu, nayo vivyo hivyo. Katika nchi za viwanja vya gofu iliwahi kutumiwa makusudi kuwaondoa. Dawa zinazomwagwa kwenye msingi wa nyumba kuzuia mchwa zimetengenezwa zikae udongoni kwa miaka, kwa hiyo usianzishe tuta la mboga karibu na ukuta. Acha angalau mita moja na nusu, upande maua hapo au uweke kokoto.

Kwenye vihamba vya zamani vya kahawa kuna jambo jingine. Mrututu na dawa nyingine za shaba zimepulizwa kwa miongo mingi dhidi ya kutu ya majani na chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa), na shaba haiozi wala haivukizi. Hudondoka kutoka kwenye majani na kukaa kwenye sentimita chache za juu, yaani palepale nyungunyungu wanapokula. Udongo wa mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro umewahi kupimwa na kukutwa na shaba nyingi kuliko udongo wa jirani usio na kahawa. Kama bustani yako ilikuwa kahawa ya zamani na majani yaliyoanguka yanalundikana bila kuoza ingawa kuna unyevu, shaba iwe mshukiwa wako wa kwanza. Huwezi kuiondoa, ila mboji nyingi huishika na kupunguza makali yake, na kuacha kuongeza nyingine ni lazima.

Kuhusu mbolea za viwandani, tatizo kubwa si mbolea zote bali zile zinazochachusha udongo, hasa SA, yaani salfeti ya amonia. Katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, kuna majaribio ya majani ya malisho yaliyoanza mwaka 1856 na yanaendelea hadi leo. Kwenye vipande vilivyotiwa salfeti ya amonia mwaka hadi mwaka bila chokaa, udongo ulichachuka, nyungunyungu wakatoweka, na majani makavu yakajilimbika juu kama mkeka kwa kukosa wa kuyavuta chini. Anayehitaji naitrojeni ya haraka kwa sukuma wiki na atumie CAN (mbolea ya kalsiamu na naitreti ya amonia) kwa kiasi kidogo, au bora zaidi majimaji ya samadi yaliyozimuliwa.

Mwisho, maji ya kufulia yenye sabuni ya unga na majivu yanayomwagwa kila siku mahali pamoja hukusanya chumvi. Majivu yatawanye kidogokidogo kwenye bustani nzima, na maji ya sabuni yaelekeze kwenye shimo lake.

Hatua ya tatu: jua kama udongo ni mchachu au ni wa magadi

Nyungunyungu wengi hustawi pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikiwa kati ya 5.5 na 7.5. Maabara za udongo za TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano mkoani Tanga na za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hupima, na kipimo kimoja kitakuepusha na kosa ambalo huonekana mara kwa mara: kumwaga chokaa kwa sababu jirani amemwaga. Kwenye miteremko yenye mvua nyingi udongo huelekea kuwa mchachu, na gramu 200 za chokaa ya kilimo kwa mita moja ya mraba, zikitawanywa juu kabla ya vuli, huwa mwanzo wa busara. Lakini ukishuka kuelekea Kahe na sehemu za Chekereni unakutana na udongo wa magadi, ambao tayari umepita kiwango upande wa pili. Hapo chokaa itaongeza madhara. Kinachofaa ni jasi, ambayo huchimbwa Makanya wilayani Same, pamoja na maji ya kutosha kuisukuma chumvi chini na samadi kwa wingi.

Hatua ya nne: lainisha mara moja, kisha weka jembe pembeni

Udongo uliokanyagwa na mitambo hautobolewi na nyungunyungu mwororo, kwa hiyo kwa mara hii moja kazi ya nguvu inahitajika. Subiri mvua za kwanza ziingie, udongo ukiwa na unyevu lakini haunati mikononi, kisha uufungue hadi sentimita 30 au 40 kwa uma wa shamba, ile zana ambayo Wakenya huiita fokojembe, au kwa sururu palipo na kifusi kigumu. Chomeka, tikisa, chomoa, sogea. Usiupindue udongo wa chini uje juu.

Baada ya hapo gawa bustani katika matuta ya kudumu yenye upana wa mita moja hadi moja na robo, ili uweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga, na miguu yote ipite kwenye vijia. Kuanzia siku hiyo kulima kwa kupindua kukome. Jembe huwakata wachache, lakini madhara yake makubwa ni kubomoa mashimo yao na kuwaanika wao na vifuko vya mayai juani mbele ya ndege. Magugu yang'oe kwa mkono au yakwangue juu kwa juu, na unapopanda mche fungua tundu la mche huo peke yake.

Hatua ya tano: funika na ulishe

Kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu kati ya zote, fanya hii. Matandazo humpa nyungunyungu kivuli, unyevu na chakula kwa pamoja, na bila matandazo mengine yote hayashiki.

Anza na samadi iliyoiva. Ndoo moja ya lita 20 hutosha mita tatu hadi nne za mraba kwa msimu, ikitandazwa juu bila kufukiwa. Samadi mbichi, hasa ya kuku, hutoa amonia na chumvi inayowaunguza. Iache chini ya kivuli kwa miezi miwili au mitatu, uigeuze mara kadhaa, na uitumie pale tu harufu ya kukereketa pua inapokuwa imekwisha. Juu yake weka kitu kibichi kinachooza upesi: alizeti mwitu inayoota kando ya barabara, matawi ya lukina, marejea au mabaki ya maharage. Juu ya hicho ndipo uweke kikavu, kama majani ya migomba, nyasi au mabua yaliyokatwakatwa, hadi unene wote ufike sentimita 5 hadi 10. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina la kila mche ili lisioze.

Si kila jani linafaa sawa. Pumba za mpunga, ambazo hupatikana kwa wingi kwenye mashine za kukoboa za Mabogini, huhifadhi unyevu vizuri lakini chakula ndani yake ni kidogo. Majani ya mgrivea huchukua muda mrefu kuoza. Majani ya mkaratusi nisingeyatandaza kabisa. Maranda ya mbao yafaa vijiani, si tutani, maana yakichanganyika na udongo hula naitrojeni ya mboga.

Vigogo vya migomba iliyokwisha kukatwa ni hazina ambayo watu huitupa. Vipasue kwa urefu, uvilaze upande uliopasuliwa ukitazama chini, nafasi ya nusu mita kati ya kimoja na kingine. Maji yaliyomo hutoka polepole, na baada ya wiki chache za mvua ndiko utakakoanza kuwakuta nyungunyungu. Tahadhari ni moja: fukusi wa migomba naye huvutwa na harufu ileile, kiasi kwamba vipande hivi hutumiwa kama mtego wake. Ikiwa una migomba karibu, vigeuze kila baada ya siku tatu katika wiki za mwanzo, uwaokote fukusi na kuwaua, kisha uvirudishe.

Tambarare, mchwa watawahi mabua makavu kabla ya nyungunyungu. Usiwapige dawa tutani, kwa kuwa nao wanapasua udongo na kuingiza maji, na dawa itakurudisha hatua ya pili. Walishe wote: weka kikavu kingi zaidi vijiani, na tutani zidisha kibichi na samadi, ambavyo mchwa huvipenda kidogo.

Hatua ya sita: vusha kiangazi

Kati ya masika na vuli kuna miezi minne au mitano, na kati ya vuli na masika kuna Januari na Februari zenye jua la kuchoma. Kumwagilia bustani nzima ili tu nyungunyungu wasife ni gharama isiyo na sababu. Chagua badala yake tuta moja la mita mbili au tatu za mraba, lililo chini ya mruka (mti wa kivuli), mgomba au kivuli cha upande wa mashariki wa nyumba, na ulifanye kimbilio. Lifunike kwa sentimita 15 za matandazo na ulimwagilie mara mbili kwa wiki, hata kama halina mboga. Udongo wake ukiufumbata mkononi ushikane bila kudondosha maji. Mvua zikirudi, wataanza kutawanyika kutoka hapo. Anayepata zamu ya mfongo (mfereji wa umwagiliaji) asilijaze tuta hilo maji yakasimama kutwa nzima. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na utawaona wakitoka nje kuikimbia.

Hatua ya saba: kuku

Kuku watano wa kienyeji wanaopekua watalifuta tuta la msimu mzima kwa asubuhi chache. Zungushia wavu au matete, au walaze bandani hadi matandazo yashikane. Kwarara wanaotembea wakidunga midomo kwenye nyasi waache. Ndege huyo hasumbuki kudunga ardhi isiyo na kitu, na kwako ni mpimaji asiyelipwa.

Hatua ya nane: kuwaleta, ikiwa hapana budi

Wakiachwa wenyewe nyungunyungu husambaa mita chache tu kwa mwaka. Kiwanja kilichozungukwa na barabara na kuta kinaweza kukaa miaka mingi bila kufikiwa. New Zealand walikutana na tatizo hili kwenye malisho ya milimani, na njia waliyoitumia ni rahisi: walikata mabonge ya nyasi pamoja na udongo wake kutoka palipo na nyungunyungu wengi, wakayapanda palipokuwa hapana. Bonge humhamisha mnyama pamoja na mayai yake na vijidudu anavyoishi navyo, bila kumshika.

Fanya hivyo katikati ya masika, siku ya mawingu, na baada ya tuta lako kukaa na matandazo kwa msimu mmoja angalau. Omba ruhusa kwenye kihamba cha ndugu au rafiki, kata mabonge ya sentimita 20 kila upande, yafunge ndani ya gunia lililoloweshwa, na uyapande siku hiyohiyo, moja kila mita tatu, kisha ufunike. Chukua kutoka sehemu mbili au tatu tofauti ili upate aina mbalimbali. Karibu na Manaus, Brazili, msitu ulipofyekwa kuwa malisho, aina moja ya nyungunyungu ilitawala peke yake, na kinyesi chake, kwa kukosa wadudu wengine wa kukivunja, kikaziba uso wa ardhi hata maji yakashindwa kuingia. Kwenye msitu ulio juu ya vihamba usichimbe, eneo hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Udongo unaohamishwa huhama na magonjwa. Usichukue mahali ambapo nyanya zilinyauka ghafla zikiwa kijani: kata shina la mche ulionyauka, lining'inize ndani ya glasi ya maji safi, na ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko bakteria na bonge la hapo libaki hapo. Kagua pia mizizi ya magugu kama ina vinundu vya minyoo ya mizizi. Vinundu vya maharage na mikunde ni vitu vingine. Hivyo hubanduka kirahisi kwa ukucha na ndani ni vyekundu.

Kufuatilia

Kabla ya kuhesabu, tazama juu. Vilima vidogo vya chembechembe za udongo laini asubuhi baada ya mvua, na majani yaliyovutwa nusu ndani ya tundu, ni kazi yao. Kipimo kingine ni kopo lililokatwa pande zote mbili: lizamishe sentimita tano ardhini, mimina nusu lita ya maji, na urekodi muda yanaochukua kuzama. Rudia mahali palepale kila masika, sambamba na mashimo yako matatu.

Masika ya pili ikionyesha wanne au watano mahali ambapo hapakuwa na mmoja, endelea vilevile bila kuongeza kitu. Ikiwa mabonge yako yamebaki na nyungunyungu ndani yake lakini hawajavuka hata shubiri moja nje, tuta bado halijaiva, na jibu ni matandazo zaidi. Ikiwa hata ndani ya mabonge wamekufa, rudi maabara na uombe wapime shaba na chumvi, na wakati ukisubiri majibu panda mboga zako juu ya tuta lililoinuliwa sentimita 30 kwa udongo na mboji kutoka kwingine.